Kabla hujaupandisha ugonjwa wako jukwaani

Dakika ya 12 ya igizo langu huwa namimina ulezi. Nakaa kwenye kigoda katikati ya jukwaa, mapajani nina mfuko mdogo wa kitambaa cha tisheti nilioushona mwenyewe, mkononi kikombe cha bati. Simsemeshi mtu. Ulezi unaingia kidogo kidogo, na ukumbi ukiwa kimya unasikika mpaka viti vya nyuma, kama manyunyu yanapoanza kugusa bati. Kikombe cha kwanza kizima, kisha nusu. Naufunga mdomo wa mfuko kwa sindano, mishono minane, nakata uzi kwa meno, nawapa watu mgongo, nautia upande wa kushoto wa sidiria. Nikigeuka tena, kina mama wa safu za mbele huwa wameshaelewa, na neno saratani bado sijalitamka.

Mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, kibanda changu kiko Mashine Tatu. Titi la kushoto niliondolewa Aprili 2021. Igizo nimeliita Vipimo, maana hilo ni neno nililolisema maisha yangu yote futi ikiwa shingoni, halafu ikafika siku nikawa naambiwa mimi: nenda kachukue vipimo, rudi na vipimo, vipimo vyako havijatoka. Linachukua dakika 50 na niko peke yangu mwanzo mpaka mwisho. Nimelicheza hapa mjini, Kilolo, Mafinga, na mara moja Mbeya. Kila nikimaliza kuna mtu ananifuata. Anaumwa, au aliumwa akapata nafuu, au amemuuguza mama yake mpaka akamzika, naye anataka kusimama mbele za watu aseme. Anauliza aanzie wapi. Nimekuwa nikiwajibu kwa simu usiku baada ya kazi, na najua wengine niliwajibu nusunusu kwa uchovu. Haya ndiyo niliyotamani kuwaambia nikiwa nimetulia.

La kwanza ni kusubiri. Mara yangu ya kwanza kuyasema haya mbele za watu ilikuwa Februari 2022, wiki tatu tu tangu nimalize mionzi Dar es Salaam. Wenzangu wa kikoba waliniomba niwasimulie, nikajiandaa vizuri, nikaandika kwenye daftari la wateja. Nilienda nalo sawa mpaka nikafika kwenye ile alfajiri ya stendi, mwanangu wa mwisho ameng'ang'ania mkoba wangu anasema na yeye anakwenda. Sauti ikakatika. Nililia kilio cha mtu aliyefiwa, na wale kina mama wakafanya kile wanachojua kufanya mwenzao akifiwa: wakanizunguka, mmoja akaanzisha wimbo, mwingine akaleta maji, na baada ya muda chumba kizima kinaomboleza, mimi nimekaa chini katikati yao kwenye mkeka. Nikaona nimekaa kwenye msiba wangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nimeumia kuliko nilivyotoka.

Wao hawakukosea. Mimi nilikuwa sijalia nyumbani vya kutosha. Tangu hapo nina kipimo kimoja ninachowapa wote wanaoniuliza. Isome habari yako kwa sauti mbele ya mtu mmoja unayemwamini, mara tatu, siku tatu tofauti. Pale ambapo mara zote tatu umeshindwa kumaliza, paache kwanza. Hapo bado ni pa kwako na mto wako. Sehemu ya mkoba niliiacha nje ya igizo mwaka mzima. Sasa naicheza, na nikifika pale najua pumzi iko wapi na miguu iko wapi.

Kuna sababu ya mwili pia. Mtu akiwa kwenye kemo, yaani zile dripu za dawa ya saratani, chembe nyeupe za damu zinashuka, na kinga ya mwili inashuka nazo. Ndiyo maana mimi, dripu zangu zilizokuwa kila baada ya siku 21, nilipimwa damu kwanza kila nilipofika, na mara mbili niliambiwa nirudi wiki inayofuata kwa sababu damu haijasimama. Mtu wa hali hiyo asiende kujifungia ukumbini na watu 200 wanaokohoa kwa baridi la Julai. Ukiwa bado unatibiwa, sema na simu yako. Mimi nilijirekodi ndani ya basi, njia nzima, karibu kilomita 500 kutoka Iringa hadi Dar, kwa sauti ya chini ili jirani asisikie. Nilirekodi tukishuka Kitonga, nikarekodi pale Ruaha Mbuyuni vijana wakigonga madirisha na vitunguu, nikarekodi konda akibishana na abiria. Wakati ule sikuwaza igizo. Baadaye robo tatu ya maneno ya Vipimo niliyatoa mle kwenye simu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa mimi, mimi, mimi. Niliumwa, nilitapika, nilinyonyoka nywele, niliogopa. Yote yalikuwa kweli, na ukiyasikiliza kwa dakika kumi unachoka. Kuna mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mteja wangu wa siku nyingi, alikaa kibandani akanisikiliza nikimsomea huku nikimpindia sketi. Nilipomaliza akaniuliza kama bibi alikuwa ananitambia hadithi. Nikasema ndiyo, Kilolo, jikoni, tukiwa tumezunguka moto. Akasema: "Sasa alikuwa anakwambia fisi ana njaa, au alikuwa anakuwa fisi?"

Sikulala vizuri usiku ule. Bibi alikuwa anakuwa fisi. Mgongo ulishuka, shingo ilitoka mbele, sauti ikaingia puani, na sisi watoto tukasogea nyuma ingawa tunajua ni bibi. Kisha kwa kufumba na kufumbua akawa sungura. Hakubadilisha nguo, hakutoka pale alipokaa. Watu wanaponiambia kwamba igizo la mtu mmoja ni sanaa ya wageni huwa nawakumbusha bibi zao. Mtambaji mmoja, wahusika kumi, moto katikati, "hadithi hadithi" na wewe unajibu "hadithi njoo".

Basi nikalivunja lote nikaanza upya. Nikajiuliza, tangu siku ile niliyoshika uvimbe, ni nani waliosema maneno ambayo bado nayasikia? Wakaja wenyewe. Shangazi yangu wa Kilolo, ambaye mpaka leo hajawahi kutamka kansa wala saratani, anasema "hicho kitu". Wifi yangu anayeuza viazi sokoni. Nesi mmoja kijana. Konda. Mume wangu. Na yule mama kutoka Lindi aliyekaa kiti cha pembeni siku ya dripu yangu ya kwanza pale Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam. Dripu ile ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela, nami naiangalia ikishuka kwenye mrija naogopa hata kuuliza. Yule mama akaniinamia akasema: "Mwanangu, ukienda msalani utaona mkojo mwekundu. Usipige kelele. Si damu, ni hiyo hiyo dawa inatoka." Sentensi ile imenisaidia kuliko hotuba nyingi nilizosikia baadaye, na jukwaani huwa naisema kama alivyoisema yeye, kwa ile sauti yake ya pwani isiyo na haraka.

Wahusika wote hao nawatoa kwenye kanga moja. Wifi ameifunga kiunoni kwa kazi. Shangazi amejitanda, mkono mmoja umeshika pindo chini ya kidevu. Konda ameikunja ndogo kabisa, ameitupia begani kama taulo. Nesi hana kanga, ameishika mbele kama faili. Mama wa Lindi amejifunika miguu, maana chumba cha dripu kina baridi ya kiyoyozi. Mume wangu ameishika tu mkononi, hajui aiweke wapi. Usijiongezee maleba wala mawigi. Ukitoka nyuma kubadili nguo, wenye simu wanafungua simu. Chagua kitu kimoja ambacho mkono wako umekizoea kabla ya ugonjwa, kikufanyie kazi zote. Halafu kila mtu mpe mahali pa macho: nikiwa shangazi naangalia juu kidogo, maana yeye siku zote amekaa na mimi nimesimama mbele yake, nikiwa mimi naangalia chini kwake. Mazoezi ya macho yalinichukua muda kuliko mazoezi ya maneno. Nilifanyia juu ya jiwe la Gangilonga, alfajiri, mji wote uko chini bado una ukungu. Wahehe waliliita hivyo kwa maana ya jiwe linalosema, na upepo wa pale ukiweza kuushinda kwa sauti, hakuna ukumbi Iringa utakaokushinda.

Nilipowapa hao watu nafasi, kuna jambo lilitokea ambalo sikulitarajia. Yule mgonjwa, yaani mimi, akabaki na kazi za mikono. Anapima, anakata, anamimina ulezi, anapandisha vidole ukutani kama buibui anayepanda, zoezi walilonipa ili bega lisigande baada ya upasuaji, na kila siku anaweka alama ya chaki alipofika. Hasemi anateseka. Watu wanamwona anafanya kitu, na wanamtaka afike. Ukikaa mbele za watu ukawaambia mnihurumie, watakuhurumia, halafu watatoka nje waulize daladala. Na usiache yale yasiyo ugonjwa. Mimi ni mtoto wa milimani. Bahari niliiona mara ya kwanza Mei 2021, kovu likiwa na wiki sita. Lile jengo la zamani la Wajerumani pale Ocean Road, lililofunguliwa mwaka 1897, linaikabili Bahari ya Hindi uso kwa uso. Nilimaliza kujiandikisha, nikavuka barabara, nikasimama. Dakika mbili nzima za igizo langu ni mwanamke anayeangalia bahari kwa mara ya kwanza, na hakuna hospitali ndani yake.

Kuhusu ukweli wa kitabibu, kuwa mkali. Ukisimama jukwaani na kovu lako, watu wanakuamini kuliko bango la wizara, na watakayoyasikia kwako watakwenda kuyafanyia kazi. Mimi andiko langu nililipeleka kwa nesi aliyebobea kwenye saratani, akalisoma na kalamu nyekundu. Shangazi yangu ana maneno yake: "Hicho kitu hakipendi kisu. Kikiguswa na kisu kinatawanyika mwili mzima." Umeyasikia, nami nimeyasikia, kila msiba wa mgonjwa wa saratani huku kwetu lazima atokee mtu ayaseme. Niliyaweka kwa sababu ndivyo alivyosema, na kwa sababu yalinichelewesha kukubali upasuaji. Nesi akapiga mstari. Akasema: shangazi yako aachwe aseme, lakini ajibiwe hapohapo jukwaani, taa hazijazimwa. Usimwachie mtu akaondoka na uongo mdomoni kwa sababu ulikuwa unafuata sanaa.

Nilihangaika wiki mbili nikitafuta jibu lisilo hotuba. Kumjibu shangazi yako mbele za watu kwetu si jambo dogo, na nisingemfanya nesi amfundishe mtu mzima kama mtoto. Jibu lilikuwa la wifi muda wote, nilikuwa nimelisahau. Siku ile alikuwa amepiga magoti sakafuni anachambua viazi, hakuinua hata uso. Akasema: "Shikamoo shangazi. Naomba kuuliza. Kiazi kikioza kwenye gunia, ukikitoa unakuwa umewaambukiza wenzake au umewaokoa?" Shangazi akanyamaza. Kisha akasema, "Inategemea umekiwahi lini." Hapo kwenye kuwahi wote wawili walikuwa sahihi, na lile la kisu kutawanya likabaki uongo. Ukumbini hapo watu hucheka, halafu kicheko kinakatika chenyewe.

Familia yako iombe ruhusa. Nakuomba sana kwenye hili. Ugonjwa ulikuwa kwenye mwili wako, lakini nyumba ilikuwa ya wote. Baada ya upasuaji mume wangu alihamia kulala sebuleni, kwenye kochi, karibu miezi miwili. Hakusema kwa nini na mimi sikuuliza. Niliiandika, na nilipomaliza nikaona siwezi kuipeleka kwa watu kabla yeye hajaisikia kwangu. Nikamsomea usiku, watoto wamelala. Alisikiliza mpaka mwisho akatoka nje. Siku nne hatukulizungumzia. Siku ya tano, tunakunywa chai, akasema bila kuniangalia: "Mama watoto, ukisema nililala sebuleni, sema na kwamba nilirudi." Nimeisema hivyo hivyo katika kila onyesho. Angekataa ningeitoa. Ningeumia, maana ni sehemu nzuri, lakini ningeitoa.

Utapata na watu wanaotaka kukusaidia kumalizia. Ukumbi mmoja niliopewa, wenye ukumbi waliomba nimalize kwa ushuhuda, niseme nimepona kabisa, watu wapige vigelegele. Nawaheshimu, na Mungu namshukuru kila ninapoamka, lakini sikukubali. Mimi nameza kidonge kimoja cha tamoksifeni, dawa ya kuzuia saratani isirudi, kila siku tangu Februari 2022, na niliambiwa miaka isiyopungua mitano. Nakwenda kliniki kwa tarehe zangu. Ninaishi na hiki kitu, na kwenye hadhira kila mara kuna mtu ambaye chake kimerudi. Nikisema kwa kelele kwamba mimi nimepona kwa sababu niliamini, yeye nimemwambia nini? Kwa hiyo mwisho wangu ni asubuhi ya kawaida: uji, kidonge, funguo za kibanda.

Mwingine, mtu wa afya tena, alitaka nimalize na methali ya mficha maradhi. Hiyo niliikataa kwa hasira, na hasira ile haijanitoka. Sikuficha maradhi. Uvimbe niliushika tarehe 11 Agosti 2020 nikiwa naoga. Ulikuwa kama kokwa ya embe dodo changa, mgumu, hauumi hata kidogo, na hilo la kutouma ndilo linalodanganya wengi. Tarehe 25 nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya. Nikaulizwa kama nanyonyesha. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa na miaka tisa. Nikapewa vidonge vya maambukizi, nirudi baada ya mwezi. Nikarudi. Nikaambiwa ni homoni. Nikarudi tena. Rufaa ikaandikwa, kinyama kikakatwa, majibu yakapotea, kinyama kikakatwa mara ya pili. Jibu nilipewa tarehe 10 Machi 2021. Shirika la Afya Duniani linataka tangu mwanamke afike kituoni na dalili mpaka apate jibu zisizidi siku 60. Mimi zilikuwa 197. Anayetaka kunipa methali anipe ya wanaoficha wagonjwa.

Hasira hiyo nayo niliitafutia kazi ya mikono. Futi ya fundi ina sentimita 150. Nawaambia watu, kila sentimita ni siku moja. Naikanyaga ncha kwa kidole cha mguu, naanza kuivuta nikihesabu, na kila nilipokwenda hospitali natamka nilichoambiwa: 1, unanyonyesha? 31, ni homoni. Kwenye 60 nimeifunga uzi mwekundu, nasimama hapo kidogo, halafu naendelea. 150, futi imekwisha, inaning'inia mkononi. Naendelea kutembea bila futi, hatua 47, nikihesabu kwa sauti mpaka 197. Kilolo, nilipofika 170 hivi, bibi mmoja wa nyuma akaanza kuhesabu pamoja nami, na baada ya hatua tano ukumbi mzima unahesabu. Sijui kama kuna hotuba ambayo ingefanya hivyo. Kituo sikitaji, wala sitakitaja; wale watu wanajua, na waliokuwa kwenye mabenchi mengine wanaweka cha kwao.

Na hili ndilo lililokuwa na uzito kuliko nilivyojua, na naona aibu kwamba sikulifikiria mapema. Baada ya onyesho la kwanza la kweli, Mei 2023, nilikwenda msalani kunawa uso. Msichana mmoja akanifuata, labda ana miaka 25, akafunga mlango. Hakunisalimia. Akashika mkono wangu akauingiza chini ya blauzi yake, akaweka vidole vyangu mahali. "Dada, ni kama lile?"

Mkono wangu ulikuwa bado na maji. Nilisikia kitu kinateleza chini ya ngozi, kama punje ya haragwe. Mimi ni fundi cherehani. Sikujua. Hakuna fundi cherehani anayejua, na hata daktari hajui kwa kidole tu mpaka vipimo. Nilimwambia ukweli huo, nikamwambia pia kwamba vimbe nyingi za titi si saratani, nalo ni kweli, na kwamba kesho saa moja asubuhi nitakuwa getini kwake. Tulikwenda wote. Haikuwa saratani. Lakini usiku ule wote nilikaa macho nikiwaza wangapi walitoka pale na punje zao wakashindwa kunifuata msalani.

Tangu siku hiyo sipandi jukwaani bila mhudumu wa afya ukumbini. Namtambulisha kabla sijaanza, akisimama watu wamwone sura. Kuna chumba cha pembeni chenye mlango unaofungika, na anayeingia mle anatoka na jina la mahali pa kwenda na siku ya kwenda, limeandikwa kwenye karatasi. Kwa kina mama, palepale wanaambiwa na kuhusu kipimo cha siki cha mlango wa kizazi, kwa sababu saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake Tanzania, ya titi inafuata. Wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 wanakumbushwa chanjo yake. Kama huna mtu huyo na huna chumba hicho, ahirisha. Utakuwa umewaamsha watu usiku halafu umezima taa.

Mengine ni ya kawaida, nayataja tu. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, maana michezo ya jukwaani ina sheria yake tangu mwaka 1976 na vibali vinatakiwa. Cheza saa tisa alasiri. Ukiweka usiku utapata wanaume na vijana, kina mama wana jioni zao za kupika. Kumbi zetu nyingi ni za bati bila dari, kwa hiyo mvua ikinyesha sauti yako imekwisha, hata uwe na spika: panga kati ya Juni na Oktoba. Usitegemee umeme. Mimi milango yote naiacha wazi, jua la alasiri linaingia upande mmoja, linanitosha.

Na kwa kuwa kila mahali wananiuliza, nieleze na ulezi. Nilianza na pamba. Pamba ni nyepesi. Ukiinua mkono sidiria inapanda upande mmoja, unashinda unaivuta. Mchele ni mzito lakini unachoma. Ulezi ni mdogo, unakaa kama nyama, unafuata mwili. Mfuko wa ndani uwe wa kitambaa kizito kilichofumwa karibu karibu ili punje zisitoke, wa nje wa pamba laini. Mfuko wa ndani uwe na mdomo unaofunguka, maana jasho linaingia. Kila baada ya wiki chache mwaga ulezi, fua, anika juani, weka mpya. Usiuvae mpaka kovu limefunga kabisa na daktari amekuruhusu. Vipimo usikisie. Pima titi lililobaki, jaza, vaa, simama mbele ya kioo, inua mikono, inama kama unafagia. Ongeza au punguza kijiko kijiko.

Juzi Jumanne, nikiwa nafungua kibanda, nikamkuta mama mmoja ameshafika, amekaa kwenye ngazi. Kikapu mapajani, kanga amejitanda mpaka shingoni, joto la saa nne hilo. Nikamsalimia kamwene, akaitika taratibu. Anatoka Ifunda, amepanda gari la kwanza. Alinisikia Mafinga mwaka jana, wakati huo hana ugonjwa wowote anaoujua. Akafunua kikapu. Ulikuwa ulezi, umepepetwa vizuri, kilo mbili hivi.

"Fundi," akasema, "ule wa kwako ni kikombe na nusu. Wa kwangu sijui."

Nikashusha pazia la mlango, nikatoa futi shingoni.